Aliyeniita Ndagala

Alhamisi, saa tisa na nusu mchana. Wingu limekaa juu ya milima tangu asubuhi, halinyeshi, haliondoki. Ziwa lina rangi ya chai ya maziwa.

Wapwa zangu wa Bukavu, wa Bujumbura, na nyinyi mnaokula baridi huko Ulaya, mnanijua. Ni hapa hapa, kwenye ukurasa wetu huu wa internet, nilipowaandikia habari za kiboko niliyempanda mgongoni kutoka bandarini mpaka mdomo wa mto. Ni hapa nilipowaeleza habari za yule samaki ambaye mkia wake ulibaki Kongo kichwa kikiwa tayari Burundi, mpaka watu wa forodha wakagombana nani amwandike. Mlicheka, mkaniambia, tonton, mjomba wetu, leta nyingine.

Leo sina nyingine. Leo ninaogopa.

Ninaandika kwa kidole kimoja, kama siku zote, na neno hilo fupi limenichukua muda kuliko maneno yote marefu niliyowahi kuandika. Nitaeleza polepole. Mwenye hii nyumba ya internet ameshanitahadharisha kwamba mafuta ya jenereta hayafiki jioni.

Tangu mwezi wa tisa nimerudi shule. Chekeni, mmalize. Hapa Kilibula kuna darasa la watu wazima, mchana, watoto wakishatoka. Tuko kumi na wanane: wauza samaki, waashi, mlinzi mmoja wa ghala, na mimi. Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Masomo yangu yalikatika darasa la nne. Watu wengi mtaani wanafikiri nilifika mbali zaidi, kwa vile ninavyoongea, na mimi sikuwahi kuwasahihisha. Ninaitaka ile sertifika, cheti cha shule ya msingi. Nimeshapigilia na msumari wake ukutani.

Mwalimu wetu ni Zawadi, msichana wa rika la kitinda mimba wangu. Sauti yake ni ndogo, lakini akikutazama unaficha kucha zako chini ya dawati. Wiki mbili zilizopita aliandika ubaoni: Siku niliyoacha kuwa mtoto. Akasema kila mmoja atasimama mbele ya wenzake aieleze siku hiyo kwa mdomo, halafu aiandike mu kaye, yaani daftarini, ukurasa mmoja.

Nilifurahi peke yangu. Ukurasa mmoja! Siku za namna hiyo mimi ninazo ishirini.

Wenzangu walianza. Muuza samaki mmoja alieleza siku aliyoachiwa wadogo zake watano, akasonga ugali mgumu mpaka mbwa akaunusa akaondoka. Mlinzi alisimama kwa haya akasema alinyoa ndevu tatu kwa wembe wa kaka yake, akajikata, akaenda kanisani na kipande cha gazeti kidevuni, na msichana aliyekuwa anamtaka akamuuliza kama kile ni habari za ndani ao za nje. Tulicheka mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia dirishani.

Halafu ikafika Jumanne, zamu ya mama Neema.

Mama Neema anakaa dawati la nyuma yangu. Ni mtu mtaratibu, anauza sabuni na chumvi Kavimvira, karibu na mpaka, na anachechemea mguu wa kushoto. Tulijua kwamba alirudi kutoka Burundi miaka miwili iliyopita, tukajua hayo tu. Alikwenda mbele, akajishika kwenye meza ya mwalimu, akaanza bila kututazama.

Alisema wakati wa uasi ule wa baada ya uhuru alikuwa na miaka kumi, anasoma shule moja pale Kavimvira. Jeshi lilipokuja kuwafukuza waasi, masasi ya bunduki yakapita juu ya shule, na watoto wakakimbilia kwenye matete ili wavuke mto Ruzizi kuingia Burundi. Yeye alikimbia na mtoto waliyekaa naye dawati moja. Walishikana mikono. Kwenye matope mguu wake ukazama mpaka gotini, ukapinda, mkono ukachomoka. Akaita. Yule mtoto aliendelea mbele.

"Niliita mara tatu," mama Neema alisema. "Alinisikia. Muntu akisikia, mabega yake inaonyesha."

Alikaa kwenye matete siku mbili, mpaka mchungaji mmoja akamwona alipokuwa akitafuta ndama, akamvuta kwa kamba ya ng'ombe, akamvusha mgongoni. Ng'ambo hakumkuta mama yake. Watu walimwambia mama alipita, alionekana, alikuwa mzima, lakini ameshaondoka kwenda juu bara. Hawakuonana tena mpaka leo. Dada wa yule mchungaji ndiye aliyemlea.

"Habari ya yule mutoto siitafute," alisema. "Alikuwa mutoto kama miye. Ninatafuta habari ya mama. Mama yangu alikuwa muntu wa kungoja. Bata ikichelewa kurudi nyumbani, atasimama pa mulango kuingoja. Lakini miye hakuningoja hata siku mbili. Basi nikajua hakunitaka. Siku ile ndiyo niliacha kuwa mutoto."

Mwalimu Zawadi aliuliza kwa upole yule mtoto wa dawati aliitwa nani.

"Jina la kweli limenitoka. Tulimuita Ndagala, juu ya vile alikuwa kidogo na mwembamba kama ile samaki. Miguu kama njiti za kiberiti."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kushusha pumzi. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Ndagala ni mimi.

Mkinitazama leo hamuwezi kujua. Nina kilo tisini na tumbo la mtu aliyefanikiwa. Jina lile lilizama mtoni pamoja na viatu vyangu, na walionijua nalo wengi wamekufa ao wametawanyika. Yeye mwenyewe siku zile hakuwa mama wa mtu. Alikuwa Feza, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima, aliyeniruhusu ninakili hesabu kwa masharti nimbebee jiwe lake la kukalia. Alipotaja yale matete nilimtambua kwa kidevu.

Na lile swali alilolibeba maisha yote, kwa nini mama yake hakumngoja, jibu lake ninalo mimi. Hapa duniani sidhani kama kuna mtu mwingine analo.

Tangu Jumanne sijala vizuri. Mke wangu amesema labda ni malaria, akanipa dawa, nikameza. Malaria sina.

Ili mnielewe lazima niwakumbushe hadithi yangu kubwa, ile mnayoiomba kwenye kila harusi. Uhuru ulinikuta na miaka saba, na huwa ninasema siku ya sherehe mkubwa mmoja wa serikali alinipa mkono. (Ukweli nilishika sketi ya shangazi yangu siku nzima, nikaangusha bendera ya karatasi kwenye mtaro.) Uasi ulinikuta na miaka kumi na mmoja. Na kwenye hadithi yangu, wapiganaji wa maji, wale waasi walioamini maji ya dawa yanazuia risasi, walinichagua mimi katika watoto wote, wakanimwagia dawa, wakanipa cheo. Kapiteni mdogo kuliko wote upande huu wa ziwa. Jeshi likanipiga masasi kifuani, masasi yakageuka maji, shati likalowa chapa, na mama akanichapa kwa kulowesha shati la shule. Nikavuka Ruzizi kwa miguu. Na sikugeuka nyuma!

Hapo mnajua, watu wote hupaza sauti pamoja nami. Hata bandarini wachukuzi wakiniona huanza wenyewe: "Kapiteni! Na sikugeuka?" Nami ninamalizia.

Leo ilikuwa zamu yangu.

Nilikwenda nimevaa shati la harusi. Njiani niliapa nitasema ukweli. Nilipofika mlangoni niliapa tena. Nilisimama mbele, nikaona nyuso kumi na saba zinanisubiri zikiwa zimeshaanza kutabasamu, na muuza samaki akapaza sauti, "Tonton Kapiteni, leo masasi itageuka maji ao maziwa?"

Darasa zima likaangua kicheko.

Mdomo wangu ukaanza wenyewe. Unajua njia, kama punda wa zamani. Nikampa mkono yule mkubwa wa serikali. Nikapanda cheo. Nikaeleza yule mpiganaji alivyochukua birika la mwalimu wetu wa Kavimvira, lile la bluu, mdomo wake umevunjika na kufungwa kwa waya, akatia majani ndani, akanimwagia kichwani huku akisema maneno mazito.

Nikaona mama Neema ameacha kutabasamu.

Aliinua tu macho kutoka kwenye kaye yake, akaanza kunitazama taratibu: miguu, mikono, masikio. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Miaka yote nimeongeza vyeo, nimeongeza masasi, nimeongeza mamba wawili. Birika sikuwahi kuliongeza. Lilikuwa kweli. Katika darasa lile la Kavimvira tuliliona sisi tu.

Nilipofika kwenye maneno ya mwisho nilinyamaza. Wenzangu wakamalizia wenyewe, kwa furaha, wakipiga madawati: "Na sikugeuka nyuma!"

Mwalimu Zawadi alitazama saa. "Tonton, tunakushukuru. Lakini sijasikia ni wapi uliacha kuwa mutoto. Masasi nimeyasikia, mutoto simuone. Jumamosi utamalizia."

Nilikusanya vitu vyangu haraka, kaye chini ya kwapa, kalamu ya bik sikioni, nikawa wa kwanza kutoka. Nilikuwa nimeshapita mfereji wa barabarani niliposikia nyuma yangu sauti ya mwanamke. Haikuwa kubwa wala haikuwa ya hasira.

"Ndagala."

Nilisikia. Mabega yangu yalionyesha, nina hakika.

Sikugeuka.

Mimi, mwenye wajukuu, mwenye shati la harusi, nilikaza mwendo mpaka kwenye kona ya kinyozi, nikaingia humu kwenye internet kama mtu anayekimbia mvua. Mara ya pili katika maisha yangu mtu yuleyule ameniita, nami nimempa mgongo.

Sasa nitaandika yaliyotokea. Sitaongeza. Mkiona nimeongeza, mnipigie simu.

Yule mpiganaji aliyelinda shule yetu hakuwa hata na ndevu. Tulisikia milio upande wa kilima, na Feza akaanza kulia, akalia na wa pili, na wa tatu, mpaka darasa zima. Mwalimu alikuwa ametoroka tangu asubuhi. Kijana yule nadhani alituhurumia. Alichukua lile birika, akatia majani, akatunyunyizia wote, mstari kwa mstari, wasichana kwa wavulana, kama mtu anayemwagilia mchicha. Akatuambia, "Mukikimbia, musigeuke nyuma. Anayegeuka, maji inamutoka." Hakunichagua mimi. Nilikuwa mstari wa mwisho, na birika lilipofika kwangu yalibaki matone. Niliomba zaidi akasema yamekwisha.

Nilimwamini kama nilivyoamini mara mbili mbili ni nne. Nani angenikataza? Watu wazima wenye bunduki walikuwa wanaamini.

Kwa hiyo Feza alipoanguka na kuita, sikuwa jasiri hata kidogo. Niliwaza hivi: ameanguka kwa sababu amegeuka, maji yamemtoka, na nikimgeukia, yale matone yangu machache nayo yatanitoka. Nikaendelea. Aliita mara ya pili nikaziba sikio moja, la kulia, kwa sababu mkono wa kushoto nilikuwa ninashikia matete. Ya tatu niliisikia kwa sikio la kushoto. Mpaka leo ninaisikia kwa hilo hilo.

Mtu mmoja mzima alinishika mkono tukavuka mahali penye maji ya kiunoni kwake, ya kidevuni kwangu.

Ng'ambo mama yake Feza alikuwa amesimama kwenye tope, anamtazama kila mtoto anayetoka majini. Alikuwa amevuka mapema na kundi la sokoni. Hakuwa amekaa chini. Alisema kweli binti yake, alikuwa mtu wa kungoja. Aliponiona alikuja mbio, akanifuta uso kwa kitenge chake, akaniuliza, "Feza iko wapi?"

Nilikuwa na neno la kusema. Lilikuwa fupi: nyuma. Amekwama nyuma, kwenye matete, anaita. Angerudi. Ninamjua, angerudi na masasi yale yale.

Lakini angeniuliza, nawe ulimwacha?

Nikasema, "Ametangulia, mama. Alivuka na watu wa kwanza, wamepanda huko juu."

Alinitazama. Nikaona hajaamini vizuri. Basi nikatia kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Nikasema, "Alinipungia mkono."

Akaamini. Kwa sababu ya ule mkono, akaamini. Akacheka kwa machozi, akanipa nusu ya hindi la kuchoma alilokuwa amemwekea mwanawe, akaondoka karibu anakimbia, kuelekea juu bara, kuwawahi watu wa kwanza. Sikumwona tena.

Hindi nililila.

Ile ndiyo siku niliyoacha kuwa mtoto, mwalimu Zawadi. Masasi hayakunigusa, wala hakuna aliyenipa cheo. Siku ile niligundua kwamba ukiongeza kitu kidogo kwenye uongo, mkono unaopungwa, mtu mzima anaamini na anakushukuru. Tangu hapo sijaacha kuongeza. Kiboko, yule samaki, mamba wawili, vyote vimetoka pale kwenye tope. Mmenipenda kwa sababu ya jambo nililojifunza kwa mama wa mtu.

Nimejitetea sana ndani ya kichwa tangu Jumanne. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye mwenyewe amesema hamtafuti yule mtoto. Nikinyamaza, atabaki na maisha yake, sabuni yake, wajukuu zake. Lakini anabaki pia na lile neno: hakunitaka. Amelala nalo na kuamka nalo, amezeeka nalo, na si la kwake. Ni langu. Mimi nilimtwika.

Kuna kitu kinanitisha kuliko aibu ya darasani. Je, akiniambia bora ningekaa kimya? Je, akihesabu kwamba mama yake angerudi na angempata, siku ile ile, kabla ya jua kuzama? Atahesabu. Hesabu alikuwa ananishinda.

Sijui nitafanya nini na uso wangu wakati huo.

Nilikuwa nimepanga kusubiri Jumamosi, nisimame mbele ya wenzangu nimalizie vizuri. Lakini ninajijua. Nikipata watu kumi na saba wa kunisikiliza, nitatafuta mahali pa kuwachekesha. Nikipewa siku mbili, nitapata na mamba wa tatu. Na jambo hili si la darasa kulisikia kwanza. Lina mwenyewe.

Taa ya jenereta imeanza kupepesa. Wapwa zangu, ninaiweka hapa kabla sijaondoka ili nisiwe na pa kurudi. Kwenye harusi ya mwezi wa kumi na mbili msiniombe ile hadithi. Ao mniombe, mtapewa hii.

Sasa ni saa kumi na robo. Mama Neema akitoka darasani hurudi kwenye meza yake, na huifunga saa kumi na moja, mpaka wa Burundi unapokaribia kufungwa. Kutoka hapa mpaka Kavimvira ni mwendo wa miguu ninaouweza, hata kwa kilo tisini. Sitapanda pikipiki, dereva ataniita Kapiteni.

Maneno ya kwanza nimeyapanga, nimeyaandika kwenye kaye, mstari mmoja, nikayasoma mara nne kuona kama nimeongeza kitu. Sijaongeza:

Feza, mama yako alikuwa amesimama, anakungoja. Ni mimi niliyemwambia uko mbele.